Daftari la Shule ni Amana

Katika nyumba zetu nyingi, tokea mitaa ya Majengo na Pasua mjini Moshi mpaka vihambani Machame, Kibosho, Uru na Marangu, mzazi huuliza jambo moja tu mwisho wa muhula: "Amekuwa wa ngapi?" Akiambiwa mwanawe amekuwa wa 5, hufurahi na kumshukuru Mungu, akiambiwa amekuwa wa 48, hukasirika, na pengine humpiga. Baada ya hapo karatasi ya ripoti hutiwa sandukuni, na habari huishia papo hapo. Aghalabu hapatikani aulizaye swali lililo kubwa zaidi: Mtoto huyu ajua nini, na hajui nini? Na sisi tuliomzunguka, walimu na wazazi, tumekaa wapi tukashauriana la kumfanyia?

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu swali hilo la pili. Tunataka kueleza jinsi shule inavyoweza kuzikusanya habari za wanafunzi wake, kuzitazama kwa pamoja na kuzifanyia uamuzi wa pamoja. Na jinsi sisi wazazi Waislamu tunavyopasika kuwamo katika shauri hilo, tusiwe watu wa kuletewa matokeo mwisho wa mwaka kama waletewao hukumu.

Wazee wetu walikuwa na dhiki nyingine. Wao walizikosa shule zenyewe. Katika nchi ya Uchagga shule nyingi za zamani zilijengwa na misheni, na mtoto wa Kiislamu alipata nafasi kwa taabu. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilishika uongozi wa shule za mashirika zilizokuwa zikipewa ruzuku, na milango ikafunguliwa bila ya kubagua dini. Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali mpaka kidato cha 4. Basi leo mtoto yumo darasani. Lakini kuwamo darasani ni jambo moja, na kujifunza ni jambo jingine. Anaweza mtoto kukaa miaka 7 katika dawati asiweze kusoma ukurasa mmoja kwa ufahamu, na wala asijulikane, kwa sababu hakuna aliyemtazama.

MIZANI YA KAHAWA NA MIZANI YA SHULE

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa faida ya hesabu. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa kile chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima afikapo katika chama cha msingi na gunia lake hakubali kupimiwa nyuma ya mlango. Husimama mbele ya mizani, akautazama mshale, akaona uzito ukiandikwa kitabuni, akapewa stakabadhi yake mkononi. Na katika mkutano mkuu wa chama husimama akauliza: Tuliuza kilo ngapi, kwa bei gani, na fedha zimekwenda wapi?

Kadhalika katika mifereji ya maji, ile iitwayo mifongo, iliyochimbwa na mababu kuyateremsha maji ya mlimani mpaka migombani. Kila mfereji una watu wake na wazee wake. Hujulikana leo ni zamu ya nani, nani hakufika katika kazi ya kuuzibua, na maji yamepungua mahali gani. Maji yakipungua chini, watu hawamtukani aliye chini kuwa ni mvivu. Huufuata mfereji kwa miguu kwenda juu mpaka wapaone palipobomoka, na hapo huamua kwa pamoja la kufanya.

Basi sisi tulio hodari wa kutazama mshale wa mizani ya kahawa, kwa nini tunyamaze mbele ya mizani ya watoto wetu? Na mtoto asipofahamu somo, kwa nini tumtukane aliye chini, badala ya kuufuata mfereji mpaka tuone palipobomoka?

HABARI ZILIZOMO SHULENI

Watu wengi hudhani habari za mwanafunzi ni alama za mtihani tu. Sivyo. Katika kila shule kuna hazina ya habari iliyokwisha kuandikwa, nayo aghalabu hulala kabatini.

Kwanza ni daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu wa darasa hulijaza kila siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akosaye siku moja tu katika kila juma, labda ya gulio au ya kuchunga, hupoteza siku zipatazo 39, yaani moja katika tano. Akiendelea hivyo kwa miaka 7 ya shule ya msingi, amepoteza zaidi ya mwaka mmoja mzima. Wala hakuna siku hata moja ambayo ingewashitua wazazi wake, maana ni siku moja moja tu. Daftari pekee ndilo lijualo jumla.

Pili ni mazoezi na majaribio ya kila juma na kila mwezi. Tangu mwaka 1976, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu imekubali ya kwamba mwanafunzi apimwe kwa kazi zake za kila siku pia, si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Tatu ni shajara ya somo, ambamo mwalimu huandika mada alizokwisha kufundisha, na humo huonekana iwapo darasa limeachwa nyuma. Nne ni upimaji wa kitaifa wa darasa la 4 na kidato cha 2, na mitihani ya darasa la 7 na kidato cha 4. Baraza la Mitihani halitoi alama tu. Hutoa pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza katika kila somo ni maswali gani yaliwashinda wengi na kwa sababu gani. Mwalimu na mzazi ajuaye kusoma waweza kuzipata bure katika intaneti, nazo ni hazina kubwa isiyofunguliwa na wengi.

Tano ni mambo ambayo hayamo katika karatasi yo yote ila katika vichwa vya watu: mtoto huyu haoni ubao vizuri; yule hali kitu mpaka jioni; huyu amefiwa na mama; yule huvuka korongo, na mvua za masika zikishuka toka mlimani hawezi kupita. Haya huyajua mzazi, jirani na mwalimu wa madrasa. Ndiyo maana daftari peke yake halitoshi, na mwalimu peke yake hatoshi. Patakiwa kikao.

WASTANI HUFICHA

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Tuseme darasa lina watoto 50, na wastani wa alama zao katika hesabu ni 50. Mkuu wa shule husema, "Si vibaya." Lakini wastani huo waweza kupatikana kwa njia mbili. Yawezekana watoto wote wamepata karibu na 50. Au yawezekana watoto 25 wamepata 80 na wengine 25 wamepata 20. Wastani ni ule ule, lakini ni madarasa mawili yaliyo mbali kama Kibo ilivyo mbali na Kahe. Darasa la kwanza lahitaji mwalimu asogeze somo mbele kwa wote. Darasa la pili lina nusu ya watoto waliopotea kabisa, nao wataendelea kupotea kila siku mpaka wachoke na kuacha shule. Asiyetazama zaidi ya wastani hatawaona kamwe.

Vile vile "wa ngapi" huficha. Mtoto aliye wa 1 katika darasa dhaifu aweza kuwa hajui kitu, na aliye wa 30 katika darasa lenye nguvu aweza kuwa anasoma vizuri. Nafasi ya mtoto yaeleza jinsi alivyo mbele ya wenziwe. Haielezi anajua nini.

Katika jambo hili vyuo vyetu vya Kurani vilitangulia. Mwalimu wa chuo hana haja ya kuuliza mtoto ni wa ngapi. Yeye ajua huyu yuko katika alifu, yule anaunganisha herufi, na yule amefika katikati ya Juzuu Amma. Humsikiliza mmoja mmoja, na mtoto hasogei mbele ila ameiweza sehemu yake.

Leo ulimwengu umerudi katika hekima hiyo. Huko India shirika la Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1995, huwapima watoto kwa kuwasikiliza wakisoma, kisha huwakusanya kwa kiwango cha ujuzi wao badala ya umri wao, na kuwafundisha kutokea pale walipo. Kwa mfano huo uliigwa upimaji wa Uwezo katika Tanzania, Kenya na Uganda. Tokea mwaka 2010 watu wa kujitolea wamepita katika nyumba za Tanzania na karatasi fupi, wakimwomba mtoto asome silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la 2, na mzazi huambiwa jibu palepale. Wazazi wengi walistaajabu kuona mtoto wa darasa la 4 au la 5 hawezi hadithi ya darasa la 2. Hawakuwa wajinga wazazi hao. Hawakuwa wamepewa mizani.

NAMNA YA KUKAA KIKAO

Kushauriana si jambo geni kwetu. Sura ya 42 katika Kurani yaitwa Ash-Shura, yaani Mashauriano, na waumini husifiwa humo kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Sheria ya nchi nayo, Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978, yataka kila shule ya msingi iwe na kamati yake, na wazazi huingia humo. Na katika miaka hii ya karibuni walimu wamewekewa mpango uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao huwataka wakutane katika shule yao wenyewe, katika jumuiya za kujifunza, wajadiliane matatizo ya ufundishaji. Basi milango ipo. Lililobaki ni kujua namna ya kuingia.

Kwanza, kikao kiwe na swali moja. Kikao kitakacho kujadili "maendeleo ya shule" kitakwisha kwa lawama na chai. Lakini kikao kiulizacho, "Kwa nini watoto wa darasa la 3 hawajui kutoa kwa kukopa?" kitapata jibu.

Pili, watu watazame kabla ya kuhukumu. Karatasi ziwekwe mezani, na kwa muda wa kwanza kila mtu aseme aonalo tu: swali la 7 limewashinda watoto 31 katika 45, Jumatatu mahudhurio hupungua, wasichana wa darasa la 6 wamepungua tokea mwezi wa Agosti. Bado hatujasema ni kosa la nani. Atanguliaye kulaumu hufunga vinywa vya wenzake, na habari za kweli hujificha.

Tatu, ndipo iulizwe sababu, na iulizwe kwa wanaojua. Tuchukue mfano. Daftari laonyesha wavulana wa madarasa ya juu hawaonekani Ijumaa baada ya adhuhuri. Mwalimu husema ni watoro. Mzazi husema wamekwenda kuswali. Wote wawili wamesema kweli, lakini nusu nusu: watoto wamekwenda kuswali, ila hawakurudi. Akiwapo imamu katika kikao, jambo hili humalizika kwa robo saa. Watoto waende kwa pamoja, mkubwa mmoja awasimamie, na baada ya swala warudi kwa pamoja. Pasipo kikao jambo hilo hilo laweza kuwa ugomvi wa mwaka mzima baina ya shule na msikiti.

Au tuseme mahudhurio hupungua wakati wa kuchuma kahawa. Yule asiyeijua nchi huandika barua kali. Kikao chenye wakulima ndani yake huuliza: Ni nyumba gani hasa? Pengine hupatikana kuwa ni nyumba 6 tu, na 4 katika hizo ni za bibi wanaolea wajukuu peke yao. Hapo dawa si barua, bali ni majirani kumsaidia bibi siku ya Jumamosi.

Nne, kiamuliwe kitu kimoja au viwili, na kila kimoja kiwe na mtu na tarehe. Si "walimu wajitahidi," bali mwalimu fulani atawachukua watoto 12 wasiojua silabi kwa nusu saa kila asubuhi, tokea tarehe hii mpaka ile. Si "wazazi washirikiane," bali mjumbe fulani atazitembelea nyumba hizi 6 kabla ya Jumapili.

Tano, kikao kirudi. Baada ya majuma 6 watoto wale 12 wasikilizwe tena. Wakiwa wamesogea, tumshukuru Mungu na tuendelee. Wakiwa hawakusogea, tusione haya kubadili njia. Kikao kisichorudi kutazama uamuzi wake ni sawa na mtu apandaye asirudi shambani kupalilia.

HESABU IKITUMIWA VIBAYA

Lakini hatutakuwa wakweli tukisema hesabu ni heri tupu. Kisu kile kile kikatacho mkungu wa ndizi chaweza kumkata mtu. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa nafasi katika nchi nzima na katika kila wilaya, na orodha zikatangazwa. Baadaye wataalamu Cilliers, Mbiti na Zeitlin walichunguza matokeo ya shule zote za msingi nchini toka mwaka 2011 mpaka 2016. Waliona kwamba shule zilizokuwa chini katika wilaya zao zilipandisha matokeo. Hilo ni jema. Lakini waliona na jingine: shule zilizobanwa zilipunguza idadi ya watoto katika darasa la 7. Wale waliodhaniwa watashindwa hawakufika katika mtihani.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapo ufikiri. Ni mtoto gani aliyeondolewa? Si yule hodari. Ni yule yule ambaye hesabu iliwekwa ili aonekane na asaidiwe. Hesabu ikiwa ni ya kushindania sifa, mnyonge huwa mzigo wa kutupwa. Hesabu ikiwa ni ya kushauriana, mnyonge huwa ndiye sababu ya kikao. Tofauti haimo katika tarakimu. Imo katika nia ya wanaozitazama. Nalo Baraza la Mitihani, kuanzia matokeo ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa.

Na hesabu yenyewe yaweza kukosewa, hata ile itokayo mahali pakubwa. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha 6 ya somo la Maarifa ya Uislamu yalilalamikiwa na shule za Kiislamu, na baada ya kukaguliwa yakasahihishwa. Tujifunze hapo ya kwamba anayetunza kumbukumbu zake mwenyewe, za majaribio ya mwaka mzima, aweza kusema kwa adabu na kwa hoja, "Tazameni tena." Asiyekuwa na kumbukumbu hana ila kelele.

SITARA YA MTOTO

Habari za mtoto ni amana. Ukijua kwamba mtoto fulani hana chakula kwao, au anakojoa kitandani, au hajui kusoma naye yuko darasa la 5, umekabidhiwa siri. Kuipeleka barazani au dukani ni kumla nyama mtoto asiyeweza kujitetea. Kuzibandika alama za watoto ukutani kwa majina, wa kwanza mpaka wa mwisho, ni kuwafundisha walio chini kwamba wao si kitu. Na siku hizi kuna jambo jipya: picha ya orodha hupigwa kwa simu, na kabla ya magharibi imefika Arusha na Dar es Salaam.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nayo yataka habari za mtu zitumiwe kwa kusudi lililokusudiwa tu, tena zitunzwe. Basi kamati iweke kanuni yake. Majina yatajwe kwa wale tu wenye kazi ya kumsaidia mtoto. Katika mkutano wa wazazi wote zisemwe jumla peke yake. Na mzazi aelezwe habari za mwanawe faraghani, si mbele ya kadamnasi.

WAJIBU WETU

Huenda mzazi akasema, "Mimi sikusoma, nitakwenda kusema nini mbele ya walimu?" Jibu ni kwamba huhitaji kujua aljebra. Chukua karatasi yo yote yenye maandishi ya Kiswahili, mpe mwanao, mwambie asome, kisha mwambie akueleze alichosoma kwa maneno yake. Dakika 5 zatosha. Ukiona hawezi, usimpige. Nenda kwa mwalimu wa darasa, umsalimu vizuri, umwulize mambo matatu: Mwanangu amekosa siku ngapi? Ni jambo gani hasa asilolijua? Mimi nifanye nini nyumbani? Mwalimu mwenye watoto 60 na zaidi atafurahi kupata mzazi wa namna hiyo, maana wengi humjia kwa ugomvi tu.

Akina mama msibaki nyuma. Mikutano ya shule mara nyingi hujaa wanaume wachache wasemao sana, hali ajuaye mtoto alilala saa ngapi na aliamka na nini ni mama yake. Walimu wa madrasa nao wasijitenge. Mtoto ni mmoja. Asubuhi yuko shuleni na alasiri yuko chuoni. Asiyetambua herufi kule, yaelekea ana taabu huku pia, na walimu wake wawili wakikutana mara moja kwa muhula watamfaa kuliko kila mmoja kumlaumu peke yake.

Nanyi vijana mliofika sekondari na vyuo, kijiji chenu kina haja nanyi. Nyinyi mwajua kutumia kompyuta na kuchora majedwali. Siku za likizo jitoeni kuisaidia kamati ya shule mliyosoma: jumlisheni mahudhurio ya mwaka, chambueni maswali yaliyowashinda watoto, waelezeni wazee kwa lugha nyepesi, na siri za watu mziache pale pale mezani. Hiyo ni sadaka isiyohitaji fedha.

Mkulima hukubali kahawa yake ipimwe kwa sababu ajua mizani haikuwekwa kumdhalilisha, bali kumpatia haki yake. Mtoto naye ana haki. Haki yake ya kwanza ni kuonwa: ajulikane yuko wapi, amekwama wapi, na watu wazima waliopewa amana ya kumlea wakae pamoja kabla hajapotea, si baada. Muhula ujao utakapoanza, kila mmoja wetu na aulize kikao cha shule yake ni lini, naye awemo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuitunza amana hii. Amin.